Nimeishiwa nguvu za kuomba, mtoto anaumwa selimundu na mtumishi kasema kumpa dawa ni kutomwamini Mungu

dagaa_wa_mwaloni:

Habari za usiku wakuu. Naandika hii saa nane usiku nipo wodini, mtanisamehe kama sitaeleweka vizuri maana tangu juzi sijalala zaidi ya kusinzia kwenye benchi.

Mimi ni mtu wa Mwanza, kazi yangu dagaa, nachukua mwaloni Kirumba napeleka mikoani. Tuna watoto wawili, wa kwanza mzima kabisa, wa pili ana miaka 7 na ana selimundu (ule ugonjwa wa damu, sikoseli), tulijua akiwa na miezi 9 vidole vya mikono na miguu vilipovimba sisi tukadhani kaumwa na mdudu. Toka hapo maisha yetu ni kliniki, foliki asidi kila siku, kuongezewa damu, tunarudi nyumbani, anakaa vizuri miezi miwili mitatu anaenda shule anacheza, halafu baridi ikimpiga au malaria ikimgusa tunaanza upya. Mwaka huu pekee hii ni mara ya nne analazwa. Mtaji umekata, magunia niliyokuwa nimebakiza mvua iliyakuta hayajakauka vizuri sisi tukiwa huku hospitali hakuna wa kuyaanua, nimeyauza kwa bei ya kutupa.

Sasa kinachonisumbua zaidi sio hela. Kanisani tunaposali (sitataja) mtumishi alituita mimi na mke wangu akasema huu ugonjwa ni wa rohoni, kwamba kila nikimpa mtoto kidonge namwambia Mungu kwamba simwamini, niache vyote tufunge siku 7 nione mkono wa Bwana. Upande wa mke wangu nao wanasema ni laana ya ukoo wetu. Na mke wangu ni mjamzito miezi 5, tangu asikie maneno hayo hali vizuri, usiku namsikia analia chini chini anadhani nimelala.

Nimefunga kavu siku tatu, nimekesha, nimetoa sadaka mpaka ile ya mtaji. Juzi usiku maumivu yalimshika mtoto miguuni na mgongoni akaniambia baba niombee, nikafungua mdomo nikashindwa. Maneno ya kuomba nayajua, nimeyasema miaka yote, ila siku hiyo hayakutoka kabisa. Nikabaki namsugua miguu mpaka kunakucha. Naogopa kwamba labda hapo ndipo imani yangu imekufa na mtoto ataumia kwa ajili yangu.

Naombeni mnisaidie wenye uzoefu. Kumtegemea Mungu kwenye hali hii kunakuwaje hasa? Na ukiwa huna nguvu hata ya kuomba unafanyaje?

---

Mkulima_Kahama:

Pole sana kaka. Sina maneno mengi ila dawa USIACHE. Nakuombea sasa hivi naandika hapa, wewe ukishindwa sisi tupo.

---

nesi_wa_zamu:

Pole sana baba. Mimi ni nesi, wodi ya watoto nimekaa miaka mingi, na nimeokoka pia, kwahiyo naongea na wewe kwa yote mawili.

Kwanza hili la laana. Selimundu inarithiwa kutoka kwa WAZAZI WOTE WAWILI, mmoja peke yake haitoshi. Wewe na mama kila mmoja amebeba nusu, mnaishi wazima hata hamjui, na kila mimba inayoingia kuna nafasi moja kati ya nne mtoto awe mgonjwa, mbili kati ya nne awe mbebaji kama nyie, na moja kati ya nne asiwe nayo kabisa. Ndio maana wa kwanza mzima. Kwahiyo hao wakwe wanaosema ni ukoo wenu, waelewe na wao wapo humo humo nusu kwa nusu. Na kanda ya ziwa iko kwa wingi kuliko sehemu nyingi za nchi, kwa sababu hiyo nusu inamkinga mtu na malaria kali, na ziwani kwetu malaria imeua watu vizazi na vizazi, waliobeba ndio waliokuwa na nafasi kubwa zaidi ya kubaki. Babu yako huenda alipona utotoni kwa sababu hiyo. Sasa hiyo ni laana gani baba?

Pili dawa. Usimwachishe mtoto hata siku moja bila daktari. Kaulize kliniki kuhusu haidroksiyurea kama hajaanza, hospitali ya Bugando hapo Mwanza kliniki ya selimundu ipo. Ile dawa inarudisha ile aina ya damu mtoto aliyokuwa nayo tumboni kwa mama, ambayo haijikunji kama mundu, maumivu yanapungua sana kwa watoto wengi, ila lazima damu ipimwe mara kwa mara akiwa anaitumia. Mimi nikimwona mtoto niliyekuwa nambeba wodini sasa anakimbia namwambia Mungu asante, sijui mtumishi wako angetaka nimwambie nani.

Homa ikifika 38 usingoje asubuhi, njoo hospitali. Akipauka ghafla, au tumbo upande wa kushoto likivimba (hilo ni bandama, linaweza kumeza damu nyingi kwa muda mfupi), au kifua kikambana, au mdomo ukaenda upande, hapo hata kama mko kwenye mkesha mnatoka mnakuja. Maji mengi, nguo nzito jioni, chandarua kila siku.

Na mtoto atakayezaliwa apimwe mapema, asisubiri avimbe vidole. Wakijua mapema anaanzishiwa penisilini akiwa mchanga na chanjo zake anapata zote, wanakua vizuri wengi tu.

Hayo ya kuomba nawaachia wengine, ila nenda ukale baba. Ukianguka wewe hapo wodini tutakuwa na wagonjwa wawili.

---

Mwombezi255:

Samahani ila naona watu mnamwondoa ndugu kwenye imani. Biblia inasema mtu wa nia mbili asidhani atapokea kitu kwa Bwana. Huwezi kushika hospitali mkono huu na Mungu mkono huu. Mtumishi wake anamjua kuliko sisi, amtii.

---

Shahidi_wa_Songea:

@Mwombezi255 ndugu mimi naamini uponyaji kuliko unavyodhani maana nimeuona kwa macho. Mdogo wangu wa kike alikuwa hajitambui siku 6, homa ya uti wa mgongo, daktari alituita pembeni akasema jiandaeni. Mama akapiga magoti kwenye sakafu ya wodi akaomba usiku kucha kwa sauti mpaka walinzi wakaja. Siku ya saba akafungua macho akaomba maji. Leo ana watoto wawili. Hakuna mtu atanitoa hapo, Mungu anaponya.

Ila ile siku ya sita mama alipokuwa anaomba, dripu ilikuwa inatiririka, sindano za kila baada ya masaa zilikuwa zinachomwa, na mama ndiye aliyekuwa anamkimbilia nesi kumwambia muda umefika. Hakuona hayo ni mambo mawili. Yeye aliona Mungu ndiye anafanya yote na yeye kazi yake asilale.

Kwahiyo kaka omba muujiza, uombe kwa nguvu zote, usiache. Lakini anayekuambia mtoto anywe imani badala ya dawa, mwambie ajaribu yeye kwanza.

---

Mzee_wa_Jumapili:

Baba wa mtoto, shikamoo sitaidai, nadhani ni mkubwa kwako lakini kwa mzigo ulioubeba wewe ndiye mkubwa humu.

Nimefundisha darasa la Biblia miaka 30 na zaidi, nikwambie mambo niliyoyaona, chukua utakachoweza.

Yohana sura ya 9. Yesu anapita anaona mtu kipofu tangu kuzaliwa, wanafunzi swali lao la kwanza sio tumsaidieje, ni nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake. Yaani swali la wakwe zako lina miaka elfu mbili. Na jibu la Yesu ni fupi, huyu hakutenda dhambi wala wazazi wake. Akatema mate akafanya tope akampaka macho, akamwambia kanawe kwenye birika la Siloamu. Angeweza kusema neno tu, alishafanya hivyo kwa wengine, lakini huyu alimpaka kitu akamtuma atembee kipofu hivyo hivyo mpaka kwenye maji. Mkeo msomee hiyo leo, aanze mstari wa kwanza hadi wa saba.

Pili Hezekia, 2 Wafalme 20. Mfalme anaumwa hadi kufa, analia ukutani, Mungu anamwambia nimesikia maombi yako nimeona machozi yako nakuongezea miaka 15. Ahadi imeshatoka kinywani mwa Mungu mwenyewe. Halafu Isaya anasema nini? Leteni mkate wa tini. Wakauweka juu ya jipu akapona. Tini ilikuwa dawa ya majipu enzi zile. Kwahiyo mkono mmoja ahadi, mkono wa pili dawa, na nabii ndiye aliyeagiza dawa! Mwombezi255 mwanangu, ule mstari wa nia mbili uko Yakobo sura ya 1, na unaongelea mtu anayeomba hekima huku ana mashaka na aliyemwomba. Hauongelei kidonge. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, Paulo anamwita tabibu mpendwa, na hakumwambia achome mkoba wake.

Sasa kuhusu wewe kushindwa kuomba. Hapa ndipo nataka nikae kidogo maana hapa watu wengi huanguka wakidhani wameachwa.

Eliya. Jana yake tu ameshusha moto mlimani Karmeli, mvua imenyesha baada ya miaka mitatu, leo mwanamke mmoja kamtumia ujumbe wa kumuua anakimbia mpaka jangwani anakaa chini ya mti, mretemu, anamwambia Mungu yatosha, niondoe roho yangu. Huyo ni nabii, sio muumini wa kawaida kama mimi na wewe. Sasa angalia Mungu anafanya nini. Hamkemei. Hamuulizi imani yako iko wapi. Hamwambii funga siku 7. Anamwacha ALALE. Halafu malaika anamgusa, inuka ule, pale kichwani kuna mkate wa kwenye makaa na maji. Anakula analala TENA. Malaika anarudi mara ya pili, inuka ule, safari hii ni kubwa kwako. Mungu mwenyewe anakiri safari ni kubwa kuliko wewe! Ndio akaenda siku 40 mpaka Horebu kwa nguvu ya chakula kile, na maongezi makubwa yakaja huko mbele, baada ya kula na kulala mara mbili.

Nilisoma hiyo habari miaka mingi nikiirukia kwenye ile sauti ndogo ya utulivu, ile ndiyo tunayoihubiri. Mpaka mke wangu alipopata kiharusi na mimi nikawa namgeuza kitandani kila masaa mawili, miezi 14, ndipo nikaona ule mkate. Mimi pia sikuweza kuomba. Jirani yangu alikuwa analeta uji kila asubuhi, hasemi kitu, anaweka kikombe anaondoka. Nilikuja kuelewa baadaye kabisa kwamba nilikuwa nimeomba na nilikuwa nimejibiwa, jibu lilikuwa na kifuniko cha plastiki.

Ulivyomsugua mtoto miguu mpaka kunakucha, Warumi 8 inasema hatujui kuomba itupasavyo ila Roho mwenyewe anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kuugua kusikotamkwa. Mikono yako ilikuwa inaomba baba, usijihukumu.

---

binti_makorora:

Assalam aleykum, mimi Muislamu wa Tanga naomba na mimi niseme kidogo kaka yangu, pole sana wallahi nimesoma nikalia.

Kwetu tunaita tawakkul, kumwachia Mwenyezi Mungu jambo. Bedui alimuuliza Mtume (s.a.w) ngamia wangu nimfunge nitawakali au nimwache nitawakali, akaambiwa mfunge kisha utawakali. Bibi yangu aliyenilea alikuwa akisema hivyo kila akinywa dawa yake ya presha, "namfunga ngamia", anameza, bismillahi. Kwahiyo kidonge cha mtoto ndio kamba yako kaka.

Na hilo la kulia na kukosa nguvu. Nabii Yaakub alimlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe, wanawe wakamwambia utajimaliza, akawajibu mimi namshtakia Mwenyezi Mungu huzuni yangu na sikitiko langu. Nabii huyo. Hakuambiwa huna subira. Mimi nilipoachwa na mimba ya pili nyumba ya kupanga kodi imeisha nilikuwa nakaa kwenye msala wa kuswalia sisomi chochote, nasema tu "Ya Rabbi unaniona". Maneno hayo hayo mawili matatu karibu mwezi mzima. Sijui yalikuwa dua au yalikuwa nini lakini nilikuwa nainuka pale naenda kukaanga maandazi ya kuuza.

Mke wako mkumbatie sana. Mwanamke mwenye mimba maneno ya laana yanamwingia kuliko sumu.

---

mama_wa_wawili:

Nimesoma huu uzi tangu jana najiuliza niandike au nisiandike. Naandika.

Mimi nilikuwa na watatu. Wa katikati alikuwa na selimundu kama wa kwako, alikuwa anapenda kuchora magari, daftari zima magari. Alifariki akiwa na miaka 9, ilikuwa kifua, siku mbili tu. Dawa alikuwa anapata. Tulikuwa tunaomba. Kanisa zima lilikuwa linaomba. Sikupata muujiza na sitaki kukudanganya kwamba ukiamini sana lazima upate, kwa sababu niliambiwa hivyo na baada ya kuzika nilibeba mawili, msiba na hatia, na hatia ndiyo ilikuwa nzito zaidi. Kuna mtu alinifuata kabisa siku ya arobaini akaniambia dada tuchunguze palikuwa na mlango gani wazi. Nilikaa karibu mwaka mzima natafuta huo mlango. Sikuupata kwa sababu haukuwepo.

Sasa wewe umeuliza kumtegemea Mungu kunakuwaje. Kwangu haikuwa kujisikia imara, sijawahi kujisikia imara hata siku moja. Ilikuwa wanawake wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Walipanga zamu bila kuniuliza, huyu analala kwangu leo, yule kesho, wanaosha vyombo, wanawachana nywele ndugu zake, jioni wanasali rozari sebuleni na mimi nimejilaza chumbani mlango wazi nasikia. Miezi. Kuna siku nilijikuta naitikia kutoka kitandani. Hakuna aliyesema chochote, waliendelea tu.

Habakuki mwishoni kabisa anasema hata mtini usipochanua, mashamba yasitoe chakula, zizi lisiwe na ng'ombe, nitamfurahia Bwana. Kufurahia mimi sijafika, nasema ukweli. Ila nimefika kwenye "hata". Hata hivyo yupo. Nimemwambia Mungu maneno mazito sana kaburini kwa mwanangu, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na Jumapili iliyofuata nilikuwa na uwezo wa kutembea mpaka kanisani. Miguu ile sikuwa nayo mwenyewe.

Kwahiyo kaka mtafute mtu hapo Mwanza wa kukaa na wewe, mtu wa kuleta chakula na kunyamaza. Mhubiri wa kukuchunguza muache kwanza. Na mwanao mfurahie leo, kama anapenda kuchora mnunulie daftari. Dawa umpe wewe baba yake kwa mkono wako kila siku ili ajue inatoka kwa mtu anayempenda.

---

Mwombezi255:

Mama wa wawili pole sana. Nimesoma mara mbili. Nilichoandika juu nimekifikiria tena, nilimjibu mtu ambaye sijakaa naye wodini. Dagaa wa mwaloni naomba unisamehe ndugu. Nimefunga leo kwa ajili ya mwanao, na dawa mpe.

---

Mkulima_Kahama:

Mkuu vipi hali ya kijana? Na hilo la mtaji tuangalie, mimi mpunga ninao kidogo, nitumie ujumbe wa pembeni tuone unaweza kuchukua gunia mbili tatu uuze ulipe ukipata. Sio msaada wa bure usijisikie vibaya, ni biashara tu.

---

dagaa_wa_mwaloni:

Wakuu nimesoma yote, nimesoma nikiwa nje ya wodi kwa sababu nilikuwa sitaki mtoto anione. Sina cha kuwalipa.

Mwombezi255 hakuna shida kabisa ndugu yangu, tuko pamoja, asante kwa kufunga.

Mke wangu nilimsomea ile ya nesi kuhusu nusu kwa nusu, nikamsomea na Yohana 9. Alinyamaza muda mrefu halafu akaniuliza kwahiyo na mimi nimebeba? Nikamwambia ndio, wewe na mimi. Alilia lakini safari hii alilia akiwa ameniegemea. Usiku huo alikula ugali wote akamaliza. Tumekubaliana mtumishi tutamwendea wote wawili tumwambie kwa heshima kwamba dawa inaendelea, akikubali sawa, asipokubali tutatafuta pa kusali.

Nesi, haidroksiyurea nilikuwa sijawahi kuisikia, nimemuuliza daktari wa zamu leo asubuhi, kasema tukitoka tukaanze vipimo kliniki Alhamisi.

Mzee, kuna mama kitanda cha jirani mwanae amevunjika mguu, tangu siku ya kwanza ananiwekea chai kwenye kikombe cha kifuniko na mimi nilikuwa nampa asante ya haraka haraka nageuka. Baada ya kusoma kile ulichoandika nilikaa nikainywa yote taratibu. Halafu nikalala masaa manne kwenye mkeka chini ya kitanda, yeye ndiye aliyekuwa anamwangalia mtoto.

Mama wa wawili, wewe sijui nikujibuje. Nimemnunulia daftari. Yeye hachori magari, anachora mitumbwi na ile taa ya karabai mbele, na samaki mkubwa kuliko mtumbwi.

Jana usiku maumivu yalirudi kidogo akaniambia tena baba niombee. Nikamwambia mwanangu baba amechoka leo, sema wewe baba aitikie. Akasema Mungu tusaidie miguu iache kuuma na mama asilie, amina. Nikaitikia amina. Ndio sala yote hiyo.

Dripu wameitoa saa kumi leo. Anaomba chai na vitumbua, natoka kwenda getini kuvitafuta. Mkulima nakutumia ujumbe nikirudi.